Mwamba Nyuma ya Boma la Mama Mkwe

Kabla sijaanza kuhesabu mwewe sikujua kwamba ukiangalia juu, watu wote wanakuangalia wewe. Mtu anaweza kulala kando ya njia pale Kabuchai mchana kutwa na hakuna atakayemuuliza kitu, watasema amechoka. Lakini panda juu ya jiwe na darubini, elekeza macho mawinguni, na kabla ya chakula cha mchana utasikia umeshakuwa mpima ardhi wa kampuni ya miwa, au askari kanzu anayefuata magendo ya mpakani Lwakhakha, au mhubiri wa dini mpya isiyokula nyama. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi niko chini na wao wako juu, ningewashuku vibaya zaidi.

Maana mimi ni mtu wa kushuku, nalisema wazi. Nina duka la dawa za mifugo Kitale, na kazi hiyo haimfundishi mtu kuamini. Mteja akikwambia ng'ombe wake ameacha kula jana, jua ni wiki nzima. Akikwambia dawa uliyomuuzia haifanyi kazi, muulize kwanza kama ameifungua. Mke wangu husema hata kanisani tukiambiwa tufumbe macho tuombe, mimi hubakisha moja wazi. Ni kweli, na nimeona mengi kwa hilo jicho.

Mambo ya mwewe niliingizwa na mteja, mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba aliyekuwa akija kununua chanjo ya kuku. Siku moja nilimlalamikia mwewe, kama kila mtu anayefuga anavyolalamika, naye akanitazama kama aliyeona kosa katika daftari la mwanafunzi. Akaniambia wengi wa hao ninaowatukana si wa hapa. Wanatoka mbali sana kaskazini, huko baridi inapoanza kukaza, na kila mwaka wakati sisi tunavuna mahindi wao wanapita juu yetu kwenda kusini. Hawataki kuku. Wanataka panzi, panya wa mashambani na kumbikumbi. Akasema yeye na wenzake wachache hukaa na kuwahesabu, ili ijulikane kama wanaongezeka au wanaisha.

Sikuamini. Nilikubali kwenda naye kwenye kilima kilicho nyuma ya shamba lake ili nimkamate katika uongo. Tulikaa asubuhi nzima tukinywa chai ya chupa na sikuona kitu, nami nikaanza kujisikia vizuri. Halafu akaninyooshea kidole upande wa Cherangani. Nikaweka darubini machoni, na pale ambapo macho matupu yaliona anga tupu, niliona ndege wengi hata nikashindwa kupumua. Walikuwa wanazunguka kimya kimya, mmoja juu ya mwingine, kama majani makavu ndani ya kimbunga kidogo. Nilifurahi kama mtoto, na ilinikera kwamba nimefurahi.

Kuhesabu mwewe hakufanani na kuhesabu mbuzi. Asubuhi na mapema hawaendi popote; wanangoja ardhi ipate moto. Jua likikolea, hewa ya moto inapanda kutoka kwenye miamba na mashamba yaliyolimwa, nao wanaipanda hiyo hewa wakizunguka bila kupiga bawa mpaka wanakuwa vidoa. Hapo huhesabu. Ukihesabu wakiwa wanazunguka, utamhesabu mmoja mara tatu na utajiona tajiri. Unangoja wafike juu kabisa, waache kuzunguka, wanyooke mmoja mmoja kuelekea kusini. Hapo ndipo unabonyeza kile kidude cha chuma ambacho wahudumu wa kanisa hutumia kuhesabia waumini mlangoni. Mwalimu alinipa kimoja, pamoja na darubini yake ya zamani.

Msimu uliofuata alitaka mtu wa kukaa kusini zaidi, kwenye njia yao, amthibitishie kwamba ndege alioona yeye Kitale asubuhi ndio wanaofika Bungoma alasiri. Tulitafuta mahali, na kila tulipotafuta tulirudi palepale. Hakuna mahali penye hewa nzuri na uwazi wa kuonea mbali kama ule mwamba mkubwa wa Kabuchai ulio nyuma ya boma la wazazi wa mke wangu. Ukikaa juu yake Mlima Elgon wote uko mbele yako, na miwa iko pande zote. Mwalimu hakujua alichokuwa ananiomba. Yeye aliona mwamba tu.

Huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hampeani mikono, hamli pamoja, huingii jikoni kwake, na mkikutana njiani mmoja anapinda kuingia shambani mpaka mwingine apite. Siku hizi vijana wanakumbatiana na mama wakwe mlangoni mwa kanisa na hakuna aliyekufa. Lakini mama mkwe wangu ni wa ile shule ya zamani, na mimi nilioa nikiijua. Watoto wetu walikuwa wameshamaliza shule na mimi sijawahi kuuona uso wake. Nilijua mgongo wake, leso yake ya kichwani, sauti yake nyuma ya ukuta ikimwuliza mke wangu kama nimeshiba. Heshima hiyo huondolewa kwa siku maalumu, ambapo mkwe huleta blanketi, mama mkwe hupika kuku aliowafuga mwenyewe katika boma lake, si wa kununua sokoni, kisha wanasalimiana kwa mkono na kuanzia hapo wanaweza kukaa chumba kimoja. Sisi siku hiyo tulikuwa hatujaifanya. Ilikuwa inaahirishwa kila mwaka, mara msiba, mara karo.

Kwa hiyo nilipoanza kukaa kwenye ule mwamba nilijiwekea sheria. Kati ya mwamba na boma kuna mstari wa mikaratusi. Darubini yangu haitashuka chini ya vilele vya hiyo mikaratusi, hata mwewe akishuka. Nilimweleza mke wangu sheria hiyo ili amweleze mama yake, na jibu lililorudi lilikuwa fupi, kwamba mama amesikia. Niliona halikutosha, lakini ndilo nililopewa.

Msimu wa kwanza ulipita salama. Wa pili ndio ulioleta maneno, kwa sababu mwaka huo mke wangu alikazana kwamba siku ya kusalimiana ifanyike, na ifanyike kabla ya Krismasi. Mama anazeeka, alisema, na macho yake yameanza kuona ukungu. Je, tunataka aje kuniona akiwa haoni? Neno hilo lilinigusa. Mimi nimeshuku watu wengi maishani lakini nilitaka mtu yule, aliyeulizia kama nimeshiba kwa miaka yote hiyo, anione sura nami nimwone yake. Nilinunua blanketi zito la rangi ya damu ya mzee na kuliweka juu ya kabati. Mama mkwe alituma neno kwamba ana kuku wa kutosha.

Halafu kuku wakaanza kupungua.

Kwanza alikuwa jogoo mweupe, kisha mitetea miwili, kisha tena. Mke wangu alikuwa akiambiwa kwa simu na mama yake mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesikitika, kwamba amechukuliwa mwingine. Nani amechukua? Mama alisema hajui, labda wale ndege wa mkwe. Mimi, mtu wa dawa, niliuliza kwanza kama ni ugonjwa wa kideri. Hapana, hakuna kuku aliyekutwa amekufa wala anayesinzia. Niliuliza kuhusu manyoya, maana kipanga akichinja kuku huacha manyoya chini, na mwewe akibeba hubeba kifaranga, habebi jogoo mzima. Hakuna manyoya. Nikajua hapa hakuna mwewe. Hapa kuna mtu.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, anaishi hapo hapo bomani katika nyumba yake. Ni mfanyabiashara wa pikipiki. Huchukua vitunguu na mayai Lwakhakha, siku nyingine hupeleka magunia Moi's Bridge wakati wa mahindi, na nyuma ya pikipiki yake kuna kreti ya mbao iliyofunikwa kwa turubai. Siku moja, nikipita kwenda mwambani, niliona unyoya mweupe umenasa kwenye ubao wa kreti hiyo. Niliuweka moyoni na nikaanza kumtazama kwa lile jicho langu la kanisani.

Naye alikuwa ananitazama mimi. Jumamosi moja alinipandia mwambani, akakaa chini ya kivuli cha mwavuli wangu bila kukaribishwa, akaniangalia nikibonyeza kidude changu kwa kundi lililokuwa linaondoka.

"Shemeji, si hiyo ndude yako ndio inaita hawa ndege?" akasema. "Kabla uanze kuja hapa kuku ya mama ilikuwa inajaa mpaka jikoni."

Nilimwambia ndege hawa hawali kuku. Akacheka.

"Watu wanaongea, bana. Kitu ikihesabiwa inapungua, hiyo hata mtoto anajua. Sasa wewe unahesabu mwewe, na inapungua ni kuku."

Ni kweli kwamba huku mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake wala kuku wala watoto. Hata mimi mteja akija nikitaka kujua kipimo cha dawa, simwulizi ana kuku wangapi. Namwuliza wanajaza nyumba kubwa au ndogo. Shemeji alilitoa neno lile kama mzaha, lakini nilisikia mle ndani kwamba limeshazunguka kijiji kizima. Nilimjibu kwa upole ambao sikuwa nao. Aliposhuka nilisema peke yangu, haya, mwizi ametangulia kulia.

Jioni hiyo nilimpigia mwalimu simu kulinganisha hesabu, kama kawaida. Za kwake zilikuwa zimezidi zangu, kama kawaida. Siku zote nilikuwa namshuku kwamba anahesabu wanaozunguka. Siku hiyo hata sikubishana. Nilikuwa nafikiria turubai la shemeji.

Mke wangu alipendekeza tununue kuku sokoni tuwaingize bomani kimya kimya. Nikakataa, mama angejua. Kila mtetea wake anajulikana. Wakati huo habari zilikuwa zimefika kwa wazee wa ukoo, na likaja neno kwamba Jumapili watakaa, na kama kuku wameisha siku ya kusalimiana itafutwa, tena mwamba nao nikatazwe, maana haifai mtu kuleta hasara nyumbani kwa wakwe. Mambo yote mawili niliyoyapenda yalikuwa yananiponyoka, na yule aliyeyaponyosha, nilivyoamini, alikuwa ananiita shemeji na kunicheka usoni.

Ndipo nilipovunja sheria yangu. Ilikuwa Ijumaa, jua kali, mawingu meupe yamesimama juu ya Elgon. Mwalimu alikuwa amenitumia ujumbe kwamba kundi kubwa limepita Kitale. Nililala kifudifudi mwambani nikiwangoja. Pikipiki ya shemeji ilinguruma bomani, nikasikia kuku mmoja akilia ile sauti ya kushikwa. Mkono wangu haukuniuliza. Darubini ilishuka, ikapita vilele vya mikaratusi, ikapita mashina, ikatua uani.

Shemeji alikuwa ameshatoka. Niliona vumbi lake tu njiani. Uani kulikuwa na mama mkwe wangu.

Nilipaswa kuinua darubini papo hapo. Sikuinua. Alikuwa ametoka nyuma ya jikoni akiwa na mtetea wa kahawia kwapani, na nilipomwona uso nilishangaa jinsi anavyofanana na binti yangu wa mwisho, mdomo ule ule wa kubishana. Halafu nikaona anavyotembea. Hakutembea kama mzee aliyechoka. Alikuwa anapapasa ardhi kwa unyayo kabla ya kukanyaga, mkono mmoja umeshika ua wa michongoma na kuuachia, kushika na kuuachia, mpaka akafika mwisho wa boma ambapo jirani yake, mama wa rika lake, alikuwa amesimama upande wa pili. Akamnyooshea yule mtetea. Akamnyooshea pasipo na mtu. Jirani ilibidi asogee, amshike kifundo cha mkono na kumchukua kuku. Wakaongea kidogo, jirani akamwelekeza bega kwa upole, akamgeuza kuelekea nyumbani.

Nilibaki nimelala pale. Juu yangu lile kundi lilikuwa limefika na lilikuwa linaondoka, mwewe na tai wamenyooka kuelekea kusini, na sikubonyeza hata mmoja.

Mambo mawili yalinijia kwa pamoja. La kwanza, mama mkwe wangu hakuwa na ukungu machoni. Alikuwa karibu haoni kabisa, na watoto wake hawajui. La pili, kuku wanatolewa na mwenye kuku. Hilo la pili sikulielewa, na mimi kitu nisichokielewa hunikwaruza mpaka nikijue. Kwa nini mtu aiharibu siku yake mwenyewe?

Jibu nililipata nyumbani Kitale jioni hiyo, pale ambapo sikuwahi kushuku. Nilimuuliza mke wangu, kama mtu anayepitisha muda, tukishasalimiana na mama yake, halafu nini. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. Akasema alitaka kuniambia baada ya siku kupita. Akaniongoza mpaka kile chumba cha nyuma tunachohifadhia mahindi. Magunia yalikuwa yamehamishwa, sakafu imeoshwa, na kulikuwa na kitanda. Alitaka mama aje akae nasi. Macho yatatibiwa hapa, alisema, na uzee wake aumalizie karibu na binti yake. Lakini mama mkwe hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake ambaye hawajasalimiana, kwa hiyo siku ile ilikuwa lazima kwanza.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Hajui. Ukimwambia sasa atakataa."

Anajua, nikasema moyoni. Yule mama alisikia neno Krismasi na neno haraka, akakaa akalipima kama mimi ninavyompima mteja, akaona kwamba wanaotaka kumwondolea ile heshima ya mkwe wanataka kumwondoa na bomani kwake. Na kwa kuwa hawezi kumkatalia binti yake siku hiyo usoni, aliamua kuwakatalia kuku. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani tabia yangu hii haina ndugu katika nyumba ile.

Lakini nilikuwa nimefungwa. Kuwaokoa mwewe, na mwamba wangu, na jina langu, kulitaka sentensi moja: nimemwona mama akimpa jirani kuku. Na sentensi hiyo huwezi kuisema bila kusema nimemwona mama. Mkwe aliyelala juu ya mwamba akamtazama mama mkwe wake uani kwa darubini! Hakuna maelezo ya hilo Kabuchai, wala Kitale, wala mbinguni. Na hata kama ningesamehewa, watoto wangejua kwamba haoni, na wiki hiyo hiyo angepakiwa kwenye gari na blanketi lake.

Jumapili baada ya ibada tulikaa chini ya paa la shemeji, wazee, shemeji, mimi, na wake zetu kwa pembeni. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba yake, dirisha likiwa wazi upande wetu, kama ilivyo desturi, ili asikie bila kuonekana. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu nyingi ni nini kinachomaliza kuku wa nyumba hii. Shemeji akaeleza habari ya ndege. Nilimtazama vizuri, na kwa mara ya kwanza niliona mtu anayesema anachokiamini. Ule unyoya, nilikuja kujua, ulikuwa wa kuku wa kizungu aliokuwa akimbebea mtu wa hoteli.

Wakanigeukia. Wote walijua nitawatetea ndege wangu. Hata mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa akingoja hotuba ndefu. Nilifikiria yule mwalimu na miaka yake yote ya kuwaeleza watu kwamba hawa hawaibi.

"Ni mwewe," nikasema. "Nimewaona mwenyewe wakishuka. Nitaacha kukaa pale."

Shemeji alikuwa amejiandaa kubishana nami, sasa hakuwa na mtu wa kubishana naye. Wazee walisema nimesema kiungwana. Siku ya kusalimiana ikafutwa mpaka hapo baadaye. Nilipanda pikipiki kurudi Kitale na nilikuwa na huzuni ya kweli, si ya kuigiza. Mwalimu aliposikia aliniambia kwamba nimewasingizia ndege wasio na wa kuwasemea, akanikatia simu. Alikuwa na haki.

Haikupita wiki, simu ya mke wangu ikalia asubuhi. Alisikiliza kwa muda mrefu akisema ndiyo, ndiyo, halafu akaniangalia kama ananishuku. Mama amesema siku ifanyike. Ifanyike Jumamosi hii. Mkwe aje na blanketi.

Nilivaa koti. Wazee wa pande zote mbili walikaa nje. Ndani ya nyumba yake viliwekwa viti viwili, nikaingizwa, mlango ukarudishwa nusu, maana maneno ya kwanza ya mkwe na mama mkwe ni ya kwao wenyewe. Alikuwa amekaa amenyooka. Nilimfunika blanketi mabegani kama nilivyoelekezwa. Akanyoosha mkono, na safari hii aliunyoosha mahali pake, kwa sababu aliisikia pumzi yangu. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Nilimsalimia.

Hakuuachia mkono wangu. Akasema kwa sauti ya chini, isiyofika mlangoni:

"Mimi sioni watu tena. Lakini kitu ya kung'aa naona. Jua ikipiga hiyo kioo yako kule juu ya mwamba, inawaka. Siku zote ilikuwa inawaka juu, inawaka juu. Siku moja ikawaka kwangu."

Jasho lilinitoka ndani ya koti.

"Nikajua mkwe amenishika," akaendelea. "Nikakaa hapo dirishani Jumapili nangoja useme. Ukasema ni mwewe."

"Nilikosa heshima, mama," nikasema.

"Ulikosa. Halafu ukairudisha." Akaukaza mkono wangu. "Sasa niambie wewe. Huko Kitale wameniwekea kitanda?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema ndiyo, kiko katika chumba cha mahindi. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kwa kuridhika tu kwamba alikuwa amewasoma sawasawa. Akaniambia jirani yake ndiye anayemtekea maji na kumshika mkono, wamekua pamoja na wamezeeka pamoja, na wale kuku walikuwa asante yake. Kila kona ya boma hili anaijua kwa unyayo. Kitale angekuwa kipofu. Hapa ni mtu aliye nyumbani kwake. Macho watamtibu Bungoma wakitaka, alale kwake jioni.

Nilimwambia haendi kokote. Nilimwambia nitalisema mimi, kwa mdomo wangu, na sitasema nimelijuaje.

Ndipo akaniachia mkono, akainama, akapapasa chini ya kiti na kuvuta kikapu kilichofunikwa kwa nguo. Ndani yake kulikuwa na mtetea mweusi, ametulia, macho yakimemeteka.

"Huyu ulimwona?" akauliza.

Nikasema hapana, huyo sikumwona.

"Basi hiyo mashine yako haioni vizuri," akasema, na akacheka, na nikauona ule mdomo wa binti yangu kwa karibu. "Huyu nilimficha hata jirani. Nilisema, kama mkwe atanyamaza, itabidi apikiwe."

Tulimla yule mtetea, watu wengi na kuku mmoja, kila mtu akapata mchuzi. Jioni, njiani kurudi, mke wangu akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, nilimwambia kile chumba turudishie mahindi. Akaniuliza sikioni nani ameniambia mambo ya mama, na nimeanza lini kuyajua, na kwa nini mtu anayeshuku kila kitu alikubali upesi hivyo kwamba ni mwewe. Nilisema upepo ni mwingi, simsikii. Akanishika kiuno kwa nguvu, na nilijua kwamba hajaniamini hata kidogo.